Re: Tunarudi Dar, tutafikia kwa mama mkwe

> Wapendwa, mwezi ujao tunarudi Dar na tutafikia kwa mama mkwe Tabata hadi tupate nyumba. Kila usiku naangalia tamthilia ya mwanamke aliyehamia kwa wakwe, nalia kama ni mimi. Mume wangu ananishangaa. Kuna aliyepitia?
> Dada yenu, Leicester

Dada wa Leicester, pole na maandalizi.

Mimi nilipitia. Nilirudi 2011 nikafikia kwa mama mkwe Kinondoni, mwaka uleule TBC1 ilipoonyesha ile tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya Mao Doudou aliyeolewa akakuta mama wakwe wawili. (Ilipendwa hadi Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar mwezi Machi 2013.) Doudou akimeza maneno, nami nameza.

Mtaalamu wa mawasiliano Jonathan Cohen aliandika 2001 kwamba kumzoea mhusika kama rafiki ni jambo moja, na kuingia ndani yake ukaona mambo kwa macho yake ni lingine. Naona wewe uko kwenye hilo la pili, na kwa anayehama sioni ajabu.

Ila usiangalie peke yako chumbani, maana hasira za mhusika utazishusha kwa mama wa watu ambaye hajakukosea. Sisi tuliangalia wote sebuleni. Mama mkwe akisema, "Huyu mama kazidi, mtoto wa watu anapika yeye kamsimamia kichwani," najua hapo yeye hatafika. Nami nasema, "Lakini Doudou naye angesema mapema kama hajui kupika chakula hicho." Kesho yake naitwa jikoni, naonyeshwa tui jepesi linaingia lini na tui zito lini. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu usoni, na tulielewana.

Mengine kwa kifupi: wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kwa hiyo msihesabu wiki mbili kwa mama. Umeme wa LUKU nunueni bila kuombwa.

Mpigie mama leo umuulize anafuatilia tamthilia gani na inaanza saa ngapi. Ukifika, kaa naye hata kama imefika katikati. Atakusimulia ya nyuma yote, na utasikia anamtetea nani.

Dada yako, Kinondoni