Tupeane uzoefu: umewahi kuunganisha mitandao yenye itifaki tofauti za njia?

Wadau, taasisi mbili zikiungana, huku unakuta OSPF, kule RIP au EIGRP (itifaki ambazo ruta, yaani vifaa vya kuelekeza data, hutumia kuambizana njia), na kompyuta zote zinatakiwa zionane. Aliyewahi kukutana na hili atupe kilichomsumbua na dawa yake.

Naanza. Kwetu ilikuwa RIP na OSPF, ruta mbili mpakani ili moja ikizima nyingine ibebe. Ya pili ilipowashwa, seva iliyokuwa jirani yake kabisa upande wa RIP ikaanza kufikiwa kwa kuzungukia OSPF yote. Ruta ya kwanza ilikuwa inaingiza njia za RIP ndani ya OSPF, na ya pili inazisikia kutoka huko. Kwa chaguo-msingi la Cisco, kiwango cha uaminifu cha OSPF ni 110, cha RIP 120, na namba ndogo ndiyo inayoaminiwa, kwa hiyo ikaiacha njia yake fupi. Kwenye ruta hizo mbili tulipandisha njia za nje za OSPF (zilizoingizwa kutoka itifaki nyingine) hadi 125. Hiyo peke yake haitoshi: njia nyingine ya nje ya OSPF ikirudi kupitia RIP itashinda, na pakiti zitazunguka. Ndiyo maana kila njia inayovuka tuliipiga lebo, na yenye lebo hairudishwi ilikotoka. Jamani, msiache lebo.

Mdau 1: Sisi OSPF kwenda EIGRP, ruta za Cisco. Amri ya kuingiza njia imekubali, lakini ng'ambo hakuna njia hata moja! EIGRP inapima kasi ya kiungo na ucheleweshaji, OSPF ina gharama zake; usipoipa metriki (kipimo cha ubora wa njia) ya kuanzia inaichukulia njia kuwa haifikiki. Tulipoiweka, zikajaa papo hapo.

Mdau 2: Mkuu, sisi hatukuchanganya kabisa. Tuliweka BGP (itifaki ya kupeana njia kati ya mitandao inayojitegemea) katikati, kila upande namba yake binafsi ya mtandao (AS) kuanzia 64512, tunapeana muhtasari tu, yaani njia moja inayojumlisha anwani nyingi. Kiungo kikizima na kuwaka upande wao, ruta zetu hazihangaiki. Angalieni tu: njia za nje za OSPF haziingii BGP mpaka uziruhusu.

Mdau 3: Kabla ya yote hayo linganisheni anwani. Pande zote mbili zikitumia 10.1.0.0, hakuna itifaki itakayowaokoa.

Mleta uzi: Mdau 2, kwenye huo muhtasari, anwani zisizotumika mnazitupa kwenye ruta ya mpakani, au zinafuata njia ya jumla (ya pakiti zisizo na njia yake maalumu)? Zikiifuata, zinaweza kurudi kwa aliyezituma.