Pacman inanikatalia kuweka upya python-pillow

steshenari_masasi: Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Masasi, jirani na stendi, kompyuta ya kazi ina Manjaro, aina ya Linux, na programu zake huwekwa kwa pacman. Mchana umeme ulikatika katikati ya pacman -Syu, yaani kusasisha mfumo mzima. Uliporudi nikafuta faili la kufuli, /var/lib/pacman/db.lck, nikarudia, ikamaliza salama. Ila roho haikutulia, nikaona niweke upya vile ninavyovitegemea. Cups, ya kuchapishia, ikakubali. Nilipopiga sudo pacman -S python-pillow ikagoma: /usr/lib/python3.13/site-packages/PIL/Image.py tayari lipo, na mafaili mengine chungu nzima. Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha (folda yake ni PIL), ndiyo inanipangia picha za paspoti nane kwenye karatasi moja. Kesho kuna mnada wa korosho, mji utajaa. Umeme umeniharibia nini?

kijana_mikindani: sudo pacman -S --overwrite '*' python-pillow. Dakika moja tu. Mimi siku zote nafanya hivyo.

bi_terminali_lindi: Kaka, huyo mdogo wetu usimsikilize. Hiyo nyota inaruhusu kufunika faili lolote, hata la paketi nyingine, na hutajua. Kwanza tulia: pacman hukagua migongano kabla ya kugusa chochote, kwa hiyo hapo hakuna kilichobadilika. Sasa uliza faili ni la nani: pacman -Qo, kisha njia yake. Ikitaja paketi nyingine, hizo mbili ndizo zinagombana. Ikisema halina mwenyewe, yaelekea uliliweka wewe kwa mlango mwingine. Kwa PIL, mimi namshuku pip, kisakinishi cha Python chenyewe.

steshenari_masasi: Dada, halina mwenyewe! Nimekumbuka, niliwahi kupiga sudo pip install pillow --break-system-packages. Jina lenyewe, “vunja paketi za mfumo”, lilinionya. Umeme nimeusingizia bure. Nifute folda ya PIL kwa rm?

bi_terminali_lindi: Usifute. Pembeni itabaki folda ya .dist-info, na pip itaendelea kuamini toleo la zamani lipo. Aliyeleta ndiye aondoe: sudo pip uninstall pillow --break-system-packages, halafu rudia pacman. Yakibaki mabaki, hapo ndipo utumie --overwrite '/usr/lib/python3.13/site-packages/PIL/*', isiyovuka folda hiyo. Siku nyingine ukitaka kitu cha pip, kitengenezee venv yake, yaani mazingira ya Python yaliyotengwa, kwenye folda yako ya nyumbani.

steshenari_masasi: Imeingia bila kelele. Nimejaribu na picha ya mwanangu, nane zimetoka zimenyooka. Asante sana dada. Mikindani, hiyo nyota umeshaipiga mara ngapi?

kijana_mikindani: Naomba nisijibu.