Mjadala: Je, historia ndefu ya bahari inatupa sababu ya kutulia?

Mleta hoja, Mikindani

Juzi, kwenye mnada wa samaki, mzee mmoja ninayemheshimu tangu utotoni alitoa hoja iliyoungwa mkono na wengi: kwamba bahari imewahi kubeba hewa ukaa nyingi kuliko ya leo na samaki hawakwisha, kwa hiyo nguvu zote za kulinda bahari zielekezwe kwenye kukomesha uvuvi wa baruti. Je, ana haki?

Nianze kwa kumkubalia, kwa kuwa ushahidi wake umelala hapa hapa kusini. Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi umehifadhi maganda ya foraminifera, viumbe wadogo sana wa baharini, yakiwa bado angavu kama kioo. Mwaka 2009 Paul Pearson na wenzake walitumia boroni, elementi iliyomo katika maganda hayo ambayo huonyesha kiwango cha asidi ya maji ya wakati huo, kukadiria hewa ya takriban miaka milioni 34 iliyopita, barafu ya Antaktika ilipokuwa inajengeka, wakapata hewa ukaa ya kiasi cha sehemu 750 katika kila milioni. Leo ni zaidi ya 420. Kabla ya viwanda ilikuwa karibu 280.

Ninapoachana na mzee wangu ni kwenye kasi. Hewa ukaa ikiongezeka polepole kwa maelfu mengi ya miaka, chokaa iliyo kwenye sakafu ya bahari huyeyuka na kupunguza makali ya asidi ambayo hewa hiyo huizalisha majini. Ikija kwa haraka, kama inavyokuja sasa, bahari haipati nafasi hiyo. Takriban miaka milioni 56 iliyopita, katika kipindi ambacho alama zake zimo pia katika udongo wa Kilwa, kaboni iliingia hewani polepole kuliko tunavyoiingiza sisi, na hata hivyo foraminifera wengi wa kina kirefu walitoweka, na hali ikachukua zaidi ya miaka laki moja kurejea. Ni kweli samaki hawakwisha, lakini mvuvi wa Msimbati hana miaka laki moja ya kusubiri.

Mchangiaji, Kilwa Masoko

Ndugu mleta hoja, sikatai hesabu zako. Hata hivyo, mpiga baruti anavunja tumbawe kwa sekunde moja, nasi tunaweza kumkamata. Hewa ukaa hatuwezi kuikamata, na sehemu yake inayotoka nchini kwetu ni ndogo mno. Ukimwambia mvuvi kwamba samaki wamepungua kwa sababu ya kemia ya bahari, umempa mpiga baruti kisingizio. Tena oksijeni ya baharini, ambayo nayo hutajwa katika mijadala hii, inasemwa imepungua kwa asilimia 2 tu tangu 1960. Asilimia 2 ni nini?

Mleta hoja

Kuhusu kisingizio nakubali kabisa, na ningependa viongozi wa BMU (vikundi vya jamii vya kusimamia uvuvi) walisikie jambo hilo. Kuhusu asilimia 2, huo ni wastani wa bahari zote, na hakuna samaki anayeishi ndani ya wastani. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na tabaka la juu lililopata joto, kwa kuwa ni jepesi, hukaa kama mafuta juu ya mchuzi na kuzuia hewa isishuke. Ndiyo maana upungufu huonekana zaidi katika maji ya kati, mita mia kadhaa chini. Samaki wanaohitaji oksijeni nyingi, kama jodari, husukumwa karibu na uso wa maji, ambako ni rahisi kuwavua, na mvuvi huenda akadhani wameongezeka.

Tena mambo haya mawili, baruti na hewa ukaa, hayatengani. Bahari humeza karibu robo ya hewa ukaa tunayoitoa, na asidi inayotokana nayo hupunguza malighafi ambayo tumbawe hujengea mifupa yake, hivyo tumbawe lililovunjwa na baruti leo litajijenga upya kwa shida zaidi kuliko lililovunjwa enzi za babu zetu. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000. Naomba wachangiaji waseme kama kupima joto, oksijeni na asidi ndani yake kunastahili kugharimiwa sawa na doria.