Usaha umeoteshwa, majibu yanasema sugu dawa tatu. Imekuaje?

kirumba_kwetu:
Wakuu salama? Mdogo wangu anapakua dagaa pale Mwaloni, soko la samaki Mwanza, akapata jipu kwapani likapasuliwa, usaha ukapelekwa maabara. Majibu ni bakteria stafilokokasi aureasi, penisilini R (yani sugu), tetrasaiklini R, erithromaisini R. Sasa dogo tetrasaiklini hajawahi kumeza maishani mwake, huyo bakteria kaijulia wapi? Na kuna sefoksitini S (yani dawa inamuweza), maduka yote huku hawaijui.

mzee_wa_disiki:
Mkuu, anayekua sugu ni bakteria, sio dogo. Yani kaambukizwa mdudu ambaye tayari ni sugu, na theluthi hivi ya watu wanaishi na stafilokokasi huyo puani bila kuumwa. Usugu wa aina hiyo mara nyingi unakaa kwenye plazimidi, viduara vya DNA vilivyo nje ya kromosomu (DNA kuu ya bakteria) na vinajinakili vyenyewe. Jeni zake: blaZ inatoa kimeng'enya cha kuvunja penisilini, tetK ni pampu inaitapika tetrasaiklini nje ya seli, ermC inaibadilisha ribosomu, mtambo wa protini wa bakteria, erithromaisini ikose pa kushika. Hiyo plazimidi ya tetK, pT181, ina herufi kama 4,400 tu, kromosomu yenyewe ina karibu milioni 2.8! Kanavyohama sasa: virusi vya bakteria, faji, vinakabeba kwa bahati mbaya toka kwa huyu vinaenda kukadunga kwa yule.

nyegezi_stendi:
Sayansi nyingiii, shida ni hizi kapsuli za rangi mbili, mtu anafungua kapsuli anamwagia unga kwenye kidonda

mzee_wa_disiki:
@nyegezi_stendi kweli kabisa, ila unga hautengenezi plazimidi, unaua wasionayo, wenye nayo wanabaki kujinafasi.

sista_wa_wodini:
Sefoksitini hapo ni ya kupimia tu, usihangaike kuitafuta. S maana yake sio MRSA, yani stafilokokasi sugu kwa methisilini na ndugu zake kama kloksasilini. Jeni ya MRSA, mecA, haikai kwenye plazimidi, iko kwenye kromosomu, ndo maana unaweza kukuta penisilini imegoma na kloksasilini inafanya kazi vizuri, kile kimeng'enya cha blaZ hakiiwezi. Ila usimnunulie mwenyewe, mrudishe kwa aliyempasua, jipu likishakamuliwa vizuri saa nyingine hata dawa haihitajiki. Klindamaisini je imeandikwaje?

kirumba_kwetu:
S

sista_wa_wodini:
Waulize maabara kama waliweka disiki yake (kikaratasi chenye dawa) jirani na ya erithromaisini. Duara la pasipoota bakteria kuzunguka disiki ya klindamaisini likibonyea upande wa erithromaisini likawa kama herufi D, hiyo S isikudanganye, ile jeni ya erm imelala tu inasubiri kuamshwa.

kirumba_kwetu:
Karatasi haijasema kitu kuhusu D. Asubuhi naenda nayo dirishani kwao.