Mashine ya kwanza ya wembe wa makali mawili: ya River Road, ya Ujerumani au ya marehemu babu?

MtuWaMapokezi

Wakuu, salamu. Nina miaka 26, niko mapokezi katika hoteli moja hapa mjini Nairobi, na kwetu kidevu lazima kiwe safi kila asubuhi. Ndevu zangu ni zile za kujisokota. Tangu nianze kazi natumia nyembe za kutupa zenye makali matatu na povu la kopo. Nakwangua mbio mbio, nashuka ngazi, nawahi matatu pale Donholm kabla Jogoo Road haijafunga. Jumatatu niko sawa. Ikifika Ijumaa shingo imekuwa ganda la fenesi. Wiki jana mgeni mmoja aliniuliza kwa huruma kama chumba changu hakina neti ya mbu.

Nimeambiwa nirudi kwa wembe mmoja, ule bapa wa makali mawili unaopachikwa kwenye mashine ya chuma. (Naita mashine kwa kukosa jina lingine, msinichanganye na ile ya umeme ya kinyozi.) Nimepata njia tatu:

River Road kuna mama anauza ile ambayo ukizungusha mkia, kichwa kinafunguka kama mabawa ya kipepeo. Haina jina lolote. Anataka 900, nadhani 700 atakubali.

Binamu yangu yuko Ujerumani, anakuja Desemba. Anasema anaweza kuniletea Merkur 34C. Hiyo ni pesa, hata kwa bei ya ndugu.

Halafu kuna ya babu. Alikuwa reli, akastaafu akarudi Kangundo, na mkebe wake wa kunyolea bado uko juu ya kabati la mama. Niliufungua Krismasi. Imeandikwa Gillette na kwamba imetengenezwa Uingereza, inafunguka vipande vitatu, imeingia weusi na ukijani kwenye mikunjo. Sijui kama hiyo ni kutu ya kuniua.

Bajeti yangu ni 3,000 na kila kitu ndani. Nishaurini.

Ndevu_Ni_Heshima

Fuga.

MtuWaMapokezi

Ukinilipia kodi ya nyumba nitafuga hadi kifuani.

KaraniMstaafu

Kijana wangu, shikamoo sijaisikia lakini nimeipokea.

Jibu lako umeliandika mwenyewe bila kujua. Umesema ukijani. Chuma kikiharibika hutoa kutu nyekundu na huliwa mpaka kinatoboka. Ukijani ni wa shaba. Maana yake chini ya ule mng'aro uliochubuka kuna shaba, na shaba iliyokaa miaka hamsini juu ya kabati inataka kuoshwa tu. Mtumie mama ujumbe leo asije akampa mtu wa vyuma chakavu.

Angalia ile sahani, kipande cha katikati chenye tundu. Kama ukingo wake hauna meno kama kitana, yaani ni mnyoofu, huenda ikawa ile waliyoiita Tech, ambayo Gillette waliitoa mara ya kwanza 1938 na ikauzwa miaka mingi sana. Hiyo ni mashine pole. Hili neno lishike, kwa sababu madukani watakuuliza rangi na urefu wa mkono wa kushikia, na hakuna atakayekwambia kwamba mashine zinatofautiana kwa upole. Wembe ukichungulia nje kidogo tu ya sahani, mashine ni pole: inasamehe mkono usiojua. Ukichungulia sana, mashine ni kali: inapunguza kazi kwa mzoefu na inamchinja mwanafunzi. Wewe ni mwanafunzi, tena mwenye shingo iliyokwisha kuumia.

Ya kipepeo sitaitukana yote. Niliwahi kuwa nayo. Ni raha kubadilisha wembe, unazungusha tu. Lakini ina viungo vingi vidogo ndani ya mkono, sabuni inaingia inaganda, na siku moja bawa moja la ile yangu lililegea bila mimi kuona. Wembe ukakaa upande. Nilijikata chini ya sikio asubuhi ya harusi ya shemeji yangu, na katika picha zote nimeinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio. Ukiamua kuinunua, omba kwanza kupachika wembe palepale kwa yule mama, uitazame kwa juu: makali yachungulie sawasawa pande zote mbili. Yasipolingana, mrudishie, hata akikupa kwa 300.

Merkur 34C ninayo, mwanangu aliniletea 2016. Inatengenezwa Solingen, mji wa visu. Vipande viwili, mkono mfupi mnene, uzito wake ni chini kidogo ya gramu 80, na uzito huo ndio unaokufanyia kazi. Haina ubaya wowote isipokuwa kichwa chake ni zinki iliyopakwa kromu. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji, pole. Wembe wa leo unaingia ndani yake na unaingia katika ya babu yako vilevile, kwa hiyo tofauti utakayoinunua ni ndogo kuliko bei.

Sasa kuiamsha ya babu. Maji ya moto ya kuogea, si ya kuchemka, sabuni ya vyombo, mswaki mzee. Loweka, sugua, suuza, rudia. Usikimbilie siki wala asidi ya betri kama jirani yangu mmoja, utang'oa mng'aro uliobaki. Ikikauka ipanguse kwa spiriti. Kisha pachika wembe na ufanye lile jaribio la kutazama kwa juu. Ikiwa sahani imepinda, hapo ndipo urudi River Road.

Kunyoa kwenyewe. Oga kwanza, ndevu zilainike. Acha povu la kopo, tafuta brashi na sabuni ya kunyolea ya mche au ya bakuli, uikoroge hadi iwe nzito kama maziwa mala. Ninyi wa Donholm mkipata maji ya bwawa la Ndakaini mna bahati, povu linapanda lenyewe. Mimi nilipokuwa Kitengela na maji ya chumvi ya kisima nilikoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Weka kichwa cha mashine shavuni, mkono wa mashine ukiwa umenyooka nje, halafu ushushe polepole mpaka usikie wembe unaanza kula. Utausikia kweli, ni kama mtu anakwangua ukoko chumba cha pili. Hapo ndipo pembe yako. Usikandamize. Zile za makali matatu zimekuzoesha kukandamiza, na hilo ndilo litakalokutoa damu wiki ya kwanza. Mapito mafupi, suuza, mapito mafupi.

Mimi hupita mara tatu: kushuka, kukingama, kisha kupanda. Uso wangu saa hizi ni yai.

Na usione haya kuanza polepole. Bwana Gillette mwenyewe, mwaka wake wa kwanza wa kuuza, 1903, aliuza mashine 51 na nyembe 168. Nchi nzima ya Marekani.

Kinyozi_Kawangware

Mzee heshima yako, mengi umesema sawa. Lakini hiyo ya kupanda nakataa, na ningekuwa karibu ningekunyang'anya huyo kijana.

Boss, mimi huu ni mwaka wa 11 kwenye kiti. Shingo kama yako naziona tano kwa siku. Ndevu zetu zimejipinda kuanzia ndani. Wembe wa makali mengi, ule wa kwanza unauvuta unywele juu, wa nyuma unaukata, halafu unywele unarudi chini ya ngozi ukiwa na ncha kama mkuki. Ukiota unapinda, unatoboa ngozi kutoka ndani. Hicho ndicho kipele. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi, hauvuti, ndiyo maana una nafuu. Sasa ukichukua huo wembe mmoja ukanyoa kwa kupanda, tena ngozi umeivuta kwa kidole ikakaza, umerudi palepale. Mzee pengine ndevu zake zimenyooka kuliko zako. Yai lake si lako.

Fanya hivi. Kaa siku mbili bila kunyoa, wikendi usiyo na zamu, upapase shingo kwa vidole. Upande ambao haukwaruzi ndio ndevu zinakolala. Usishangae upande wa kushoto ukilala kwenda sikioni na wa kulia ukishuka. Nyoa kufuata huko, mara moja tu, mwezi mzima. Itabaki rangi kidogo na ukali ukipapasa. Mgeni wa hoteli hatakupapasa.

Na usianze juu ya vidonda. Kama meneja wako ana utu, mwombe wiki tatu nne za kupunguza tu kwa mashine ya umeme, ibaki milimita moja. Ukiwa na karatasi ya kliniki ya ngozi atakubali haraka. Vikianza kutoa usaha au kuwa vigumu kama kokwa, hapo kliniki si ya karatasi tena, nenda utibiwe. Usikitumbue kwa sindano ya mama.

Nyembe: Nacet za duka la mtaa zinatosha kuanzia, au Astra ile ya kijani ukiipata. Feather za Japani ziache kwanza. Ni kali kweli, lakini ni za mkono uliotulia. Nunua pakiti moja moja mpaka ujue uso wako unapenda gani. Mimi niliwahi kubeba katoni kutoka Dubois Road kwa bei tamu, kumbe ni za kuiga, maandishi ya karatasi yanatoka na jasho la kidole. Wateja walilia. Wembe mmoja tumia mara tatu au nne, ukianza kuvuta utupe. Usiupanguse kwa taulo, utaua makali na taulo.

Ukimaliza, maji baridi, kisha kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kunyolea. Lowesha, pitisha shingoni, ngoja kidogo, suuza. Inafunga vidonda vidogo na itakuambia ukweli: panapochoma ndipo ulipokandamiza. Spiriti ya kinyozi usijimwagie kila siku, inakausha ngozi.

Na usimwazime mtu wembe wako, hata ndugu wa kulala naye chumba kimoja. Mimi kila mteja navunja nusu wembe mpya ukiwa bado kwenye karatasi yake, mbele ya macho yake. Nyumbani pia iwe hivyo.

KaraniMstaafu

Kinyozi, nimekusoma. Mke wangu amekusoma pia, na anasema nilikuwa na vipele mpaka 1991. Sikumbuki.

MamaDandora

Samahani kuingilia mambo ya wanaume. Hizo nyembe mnazosema mtupe, mnazitupa wapi?

Kaka yangu huchambua taka hapa Dandora. Taka za mjini zote zinafika kwake kwa mkono, si kwa mashine. Mwaka juzi wembe uliofungwa kwenye tishu ulipita glavu ukamfungua kiganja, nyuzi sita na chanjo ya pepopunda. Chukueni mkebe wa maziwa ya unga au wa kakao, mtoboe mpasuko mwembamba juu, mtumbukize humo. Mkebe mmoja utawatosha miaka. Ukijaa ufungeni kwa gundi ya karatasi nzito, muandike kwa kalamu kubwa NYEMBE. Ya kuzitupa chooni kule ocha, kijijini, nayo muiache, mashimo huzibuliwa na watu.

KaraniMstaafu

Mama, asante. Nimeondoka hapa kwenda kutafuta mkebe.

MtuWaMapokezi

Narudi na ripoti, wiki ya tano.

Shikamoo mzee, hii ya sasa ni rasmi. Nilienda Kangundo Jumamosi. Sahani haina meno, ni nyoofu, kama ulivyosema. Mle mkebeni mlikuwa na wembe mmoja bado umefungwa, karatasi imegeuka rangi ya chai, na jiwe dogo jeupe ambalo mama anasema sisi watoto tulikuwa tunalilamba tukidhani ni sukari guru. Ni shabu. Nimeikata kwa nyundo, nusu nimebeba. Mashine ilitoa maji meusi mara tatu, ya nne yakatoka safi. Wembe unachungulia sawa pande zote.

Meneja alinipa wiki tatu za milimita moja baada ya karatasi ya kliniki. Kisha nikaanza. Siku ya kwanza nilijikata mara mbili, zote kidevuni pale kwenye kona, na zote nilikuwa nimekandamiza. Ilinichukua dakika 25, matatu mbili zikaniacha. Sasa niko dakika 12. Shingo ya kushoto kweli inalala kwenda sikioni, nilidhani kinyozi anatania. Vipele vya zamani vimebaki madoa, vipya nimehesabu viwili tu, na vyote ni vya Jumanne ile nilipojaribu kupanda. Kinyozi, usinifokee.

Matumizi: brashi 450, sabuni ya mche 300, Nacet pakiti mbili 100, spiriti 80. Mkebe wa kakao nilikuwa nao, na kaka wa MamaDandora namwambia pole. Nauli ya Kangundo siihesabu kwa sababu nilikula kuku.

Mara nikitoka bafuni mama wa jirani husema nanukia kama babu yake. Sijajua kama hiyo ni sifa.

Binamu amepiga simu jana akiwa dukani kule Ujerumani, anauliza kama bado achukue ile Merkur. Nimemwambia alete brashi nzuri, hii ya 450 inanyonyoka manyoya kila asubuhi, leo nimefika kazini moja likiwa limenata mdomoni.