Simu moja ya mama imebeba nyumba nzima: nianze kupunguza wapi?

Mama Nuru
Habari zenu wakuu. Nyumba ina watu watano na simu janja moja, ya kwangu. Ndani yake kuna M-Pesa ya matumizi, manunuzi ya LUKU, magrupu mawili ya shule, tarehe za kliniki na picha za miaka minne. Jioni inashikwa na mtoto wa miaka 9, gemu na katuni mpaka alale. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha wifi yangu. Nywila ya Gmail iliwekwa siku simu inanunuliwa, haijaandikwa popote.

Mahubiri ya "simu zinaharibu familia" tumeshayasikia, naomba tuyaruke. Ninachotaka kujua: simu hii ikiibiwa kesho au ikitumbukia kwenye ndoo, kipi kinarudi, kipi kimekwenda, na nianze na lipi? Bajeti haizidi elfu hamsini.

Fundi Msimbazi
Anza na laini, dada. Simu itanunuliwa nyingine, lakini laini iliyo kwa jina la mtu mwingine huwezi kuirudisha wewe. Ikipotea, duka la mtandao litataka mwenye usajili afike mwenyewe, namba ya NIDA na kidole chake. Wifi akiwa Mbeya na wewe uko Dar, hela imekaa humo unaitazama. Na WhatsApp inasubiri namba hiyohiyo, na Gmail inatuma msimbo kwenye namba hiyohiyo.

Piga *106# uhakiki jina lililosajili laini. Kwenye menyu hiyo kuna pia sehemu ya kuona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Pitia hizo, maana kuna watu wanakuta namba wasizozijua kabisa. Kisha nendeni dukani wewe na wifi, kila mmoja na NIDA yake, mbadilishe umiliki. Kabla ya kwenda, toa salio la M-Pesa na ulipe deni la Songesha (mkopo wa M-Pesa) kama lipo, kwa sababu akaunti ya pesa nayo iko kwa jina lake, na deni ndilo hukwamisha watu dirishani.

La pili: nunua kitochi. Weka laini ya pesa humo, simu janja iwekwe laini nyingine ya bando. *150*00# ni USSD, yaani menyu ya namba, haihitaji intaneti wala skrini kubwa. WhatsApp haitakatika, hata laini ikihamia kwenye kitochi. Itaendelea kwenye simu janja, kwani namba huulizwa tu wakati wa kujisajili upya. Programu za benki na za pesa ndizo nyingi hukagua kama laini imo ndani ya simu ileile, kwa hiyo hizo zitagoma. Tumia menyu ya namba.

Faida nyingine ya kitochi ni umeme. Units zikiisha usiku na simu janja imezima chaji, huna pa kununulia token wala pa kuchaji simu ya kununulia. Namba ya mita ina tarakimu 11. Iandike kwa maka pen ukutani pembeni ya mita na uwape ndugu wawili. Mtu yeyote mwenye hiyo namba anaweza kukununulia akiwa popote, akakusomea tarakimu 20 za token kwa kupiga tu.

Shangazi wa Data
Fundi amemaliza upande wa laini. Mimi naongeza akaunti na picha, maana hapo ndipo watu hulia.

Nywila ya Gmail ibadilishe leo, wakati simu bado imefunguka na inakutambua. Ukingoja mpaka simu imepotea, utaulizwa msimbo unaotumwa kwenye simu hiyohiyo uliyoipoteza. Kwenye barua pepe ya kurejesha akaunti weka ya mwenzako au ya dada, mtu tofauti na simu tofauti. Ukiwasha uthibitishaji wa hatua mbili, Google inakupa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja una tarakimu 8 na unatumika mara moja tu. Iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Usiipige picha ikabaki kwenye simu ileile! Hilo kosa ni la kila siku.

WhatsApp: ingia Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, weka tarakimu 6 na barua pepe. Bila barua pepe, ukisahau PIN utasubiri siku 7.

Nakala za WhatsApp kwenye Android zipo za aina mbili. Ya kwanza inakwenda Google, na inakula nafasi ileile ya GB 15 inayogawanywa na Gmail na picha. Ikijaa, si nakala tu zinazosimama, hata barua pepe zinaacha kuingia, na hapo ndipo mzazi anasema shule haikumtumia fomu. Chanzo kikubwa cha kujaa ni video za magrupu. Kwenye mpangilio wa nakala ondoa "jumuisha video", kisha zima upakuaji wa kujiendesha.

Ya pili hujitengeneza yenyewe saa 8 usiku ndani ya simu. Iko kwenye Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, na hukaa ya siku saba za mwisho. Mara moja kwa mwezi nakili folda hiyo ya WhatsApp yote kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini au kadi ya memori, kisha toa kadi. Kadi iliyobaki ndani ya simu inaibiwa na simu. Na usinunue kadi ya GB 512 ya elfu kumi: nyingi ni ndogo zilizoandikwa uongo, zinapokea faili bila kulalamika halafu za mwanzo zinafutika. GB 32 halisi inatosha kwako. Baada ya kunakili, fungua picha chache zilizo katikati na mwisho wa folda ukiwa kwenye kifaa kingine.

Kuhusu ndoo ya maji: zima, toa laini na kadi, usichaji, peleka kwa fundi siku hiyohiyo. Mchele hauvuti maji yaliyoingia kwenye bodi, unaacha vumbi kwenye tundu la chaji tu.

Kaka Chumbageni
Kwenye kitochi mimi napingana kidogo na fundi. Kitochi hakina skrini ya kufunga ya maana. Akikiokota mtu, anasoma SMS zote, na msimbo wa WhatsApp unaingia humohumo. Umehamisha hatari tu, hujaiondoa.

Fundi Msimbazi
Hoja ya kweli, mkuu. Ndiyo maana laini iwekewe PIN yake yenyewe, tofauti na PIN ya M-Pesa. PIN ya kuanzia inatoka kwa mtandao, angalia kwenye kadi iliyokuja na laini au uliza huduma kwa wateja. Usibahatishe: ukikosea mara 3 inataka PUK, namba ya kufungulia laini, ya tarakimu 8, na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa, unarudi dukani.

Ila PIN ya laini inaulizwa simu inapowashwa au laini ikihamishiwa simu nyingine. Kitochi kikiibiwa kikiwa kimewaka, mwizi anasoma SMS mpaka akizime. Ndiyo sababu ile PIN ya WhatsApp aliyoitaja Shangazi ni lazima: akiupata msimbo wa SMS bado anakwama kwenye tarakimu 6. Na kitochi cha nyumbani kikae nyumbani, hakiendi sokoni.

Bi Mkubwa wa Mtandao
Kwa mtoto, watu watakuambia uweke Family Link. Kwa hali yako haifai. Family Link inasimamia akaunti ya mtoto kwenye kifaa cha mtoto. Akishika simu yako yenye akaunti yako, inamwona ni wewe.

Kwenye simu yako tumia kubandika programu. Mipangilio, Usalama, tafuta sehemu ya kubandika programu, iwashe, na chini yake washa "omba PIN kabla ya kubandua". Bila hicho cha pili haina maana, mtoto anabonyeza vitufe viwili na ametoka. Kisha fungua gemu, nenda kwenye programu za karibuni, gusa alama ya gemu, chagua bandika. Hatafika kwenye WhatsApp wala kwenye ujumbe wa M-Pesa. PIN ya skrini isifanane na ya pesa, maana mtoto anayekaa begani kwako anaijua tayari. Play Store nayo iwekwe kuomba uthibitisho kwa kila ununuzi.

Muda wa kucheza upimwe kwa saa ya ukutani. Kipima muda cha simu kinabishaniwa kila jioni.

Mama Nuru
Asanteni sana. Maswali mawili ya mwisho: magrupu ya shule, je, mwenzangu anaweza kuyaona bila mimi kumpa simu? Na intaneti ikikatika kabisa tunafanyaje?

Shangazi wa Data
La kwanza: ndani ya WhatsApp fungua Vifaa vilivyounganishwa, unaweza kuunganisha hadi vinne. Simu yako isipotumika kwa siku 14 vinajitoa. Lakini ataona mazungumzo yako yote, si ya shule tu. Rahisi zaidi ni kumwomba mwalimu amwongeze kwa namba yake, siku atakapokuwa na simu janja.

La pili limeshatokea. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika karibu saa sita dunia nzima, na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani. Kupiga simu na SMS za hapa nchini havitegemei nyaya hizo. Kwa hiyo andika kwa kalamu namba kumi: mwalimu wa darasa, kliniki, bodaboda wenu, majirani wawili, ndugu. Bandika nyuma ya mlango. Zihifadhi na kwenye laini ya kitochi. Kwa kawaida hubeba kama majina 250, ila jina moja namba moja, kwa hiyo mwenye namba mbili mwandike mara mbili.

Fundi Msimbazi
Na power bank ukinunua, ya mAh 10,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili. Betri ya ndani ni volti 3.7, inapandishwa kuwa 5, na nguvu nyingine inapotea kama joto. Hesabu mara moja na kidogo. Kwa elfu hamsini zako, kitochi na kadi ya memori kwanza.