Wakuu, ule wembe wa zamani wa kukunja unaitwaje kwa lugha nyingine? Nina haraka

Mtulivu: Habari za muda huu wakuu. Ule wembe wa zamani, unaokunjwa ukaingia ndani ya mpini wake, wenzetu wanauitaje? Ukitafuta mtandaoni unaletewa viwembe vya kutupa. Nataka neno moja, fupi, lenye uzito. Usingizi sipati.

Chuma Chakavu: Kukosa usingizi kwa ajili ya wembe? Makubwa haya.

Mnoleo: Waturuki ustura, Wahindi ustara, yote yametoka kwa Waajemi. Wajapani kamisori: kami ni nywele, sori ni kunyoa. Wajerumani Rasiermesser, kisu cha kunyolea, hawana mbwembwe. Wahausa aska, na anayenyoa nayo kijadi ni wanzami. Wazulu insingo. Waarabu musa, herufi zilezile za jina la Nabii Musa. Mimi nawapenda Wafaransa, wameupa jina la utani: coupe-chou, yaani kikata kabichi.

Bi Mkubwa: Someni Waamuzi 13:5. Samsoni alikatazwa wembe tangu tumboni mwa mama yake. Nyie mnakimbilia kunyoa ndevu ambazo hata hazijaota vizuri, halafu mnauliza nguvu zimekwenda wapi.

Babu Kinyozi: Mmenikumbusha mbali. Sisi hatukuruhusiwa kugusa shavu la mtu kabla ya kunyoa puto lililopakwa povu. Likipasuka, unarudi kufagia nywele. Na kwenye mkanda wa ngozi wembe hutangulia mgongo, makali yanafuata nyuma. Ukikosea hapo umeua mkanda na wembe wote wawili. Vijana wa mashine za umeme haya hawayajui.

Kisonoko: Babu, shikamoo. Mtulivu, neno fupi la kufanyia nini? Kibao cha saluni? Tatuu?

Mtulivu: Zawadi tu mkuu. Nataka lichorwe kwenye wembe wenyewe. Nimevutiwa na navaja, la Kihispania. Mnaonaje?

Mnoleo: Taratibu. Navaja likisimama peke yake, wengi watafikiria kisu cha kukunja cha mfukoni. Wa kunyolea jina lake kamili ni navaja de afeitar. Na navajazo ni pigo la kisu hicho, mtu kachomwa.

Mtulivu: Nashukuru, ila nani atajua hayo? Linasikika vizuri. De afeitar inarefusha bure.

Kisonoko: "Nataka lichorwe" au limeshachorwa?

Mtulivu: Fundi alishamaliza. Ila kazi nzuri sana, wakuu.

Bi Mkubwa: Sasa ushauri ulikuwa wa nini? Na zawadi ni ya nani?

Mtulivu: Baba mkwe.

Kisonoko: Kihispania anakijua?

Mtulivu: Ujanani alikuwa baharia kwenye meli zao. Lakini ni zamani, atakuwa ameshasahau.

Chuma Chakavu: 😂😂 Mtoto akililia wembe mpe. Mkwe hajalia, wewe unampelekea, tena umeuandika kisu!

Bi Mkubwa: Mwanangu, mkwe hapelekewi chenye makali. Peleka kitambaa. Mimi wangu alileta redio, tukasikilizana mpaka leo.

Kisonoko: Ngojeni kwanza. Hii chai. Huyuhuyu kwenye uzi wake mwingine alijisifu kwamba ndoa haitaki na wakwe hawajui. Leo kapata baba mkwe, tena baharia? Mtulivu, weka picha ya wembe.

Mtulivu: Ni mchumba, bado hatujafunga ndoa. Mtu habadiliki? Nimekuja kuomba msaada, sikuja mahakamani.

Chuma Chakavu: Picha.

Mnoleo: Chai au si chai, neno lenyewe lina utetezi. Navaja limetokana na novacula ya Kilatini, na novacula ilikuwa wembe hasa. Hata aya ile ya Bi Mkubwa, Biblia ya Kihispania ya Reina-Valera inasema navaja, basi. Vinyozi wao nao wakiwa kazini husema navaja tu. Mzee akiliona juu ya wembe ataelewa.

Babu Kinyozi: Na usithubutu kulifuta kwa mashine, mjukuu wangu. Ubapa wa wembe umechimbwa kama bonde, chuma pale ni chembamba mno. Ukisugua kikapata moto, ugumu unatoka, makali hayatakaa tena. Kama lingekuwa kwenye mpini ningesema badilisha mpini.

Mtulivu: Limechorwa kwenye ubapa babu. Basi upande wa pili naongeza de afeitar. Hapo mzee hana la kusema.

Bi Mkubwa: Si ulisema inarefusha bure?

Mtulivu: Nafasi ipo.

Kisonoko: Na picha?

Mtulivu: Kesho mkuu, simu imezima chaji.

Kisonoko: Na hapa unaandika kwa kutumia nini?